Karakana ya Kabete na Miguu ya Askari

Katika Barabara ya Waiyaki, mkabala wa maduka ya ABC Place huko Westlands, kuna kiwanja cha serikali ambacho bado kinaitwa Kabete Orthopaedic. Humo ndimo lilimo Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo huandikisha wenye ulemavu na kusimamia hazina yao. Wengi wanaopita pale kwa matatu ya Kangemi au Kikuyu hukiona kama kiwanja kingine cha ofisi, na kwa kuwa minara ya vioo imezidi kupanda pande zote, ni rahisi kutokiona kabisa. Hata hivyo, kazi iliyokipa kiwanja hicho jina lake, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kutembea na kufanya kazi baada ya mwili kuharibika, iliingia Kenya kwa sababu ya vita. Askari walioumia ndio walioifanya serikali ya kikoloni ikubali kwamba Mwafrika aliyepoteza mguu anahitaji kitu zaidi ya magongo na nauli ya kurudi kwao. Kwa muda wa zaidi ya karne moja nchi hii imemsaidia askari aliyekatwa kiungo kwa njia mbili: ama imemtenga, ikampa zawadi, ardhi au sanamu kwa jina la ushujaa, ama imemweka katika karakana ileile inayomhudumia mtoto wa polio na mtu aliyegongwa na gari. Hoja yangu ni kwamba njia ya kwanza, pamoja na fahari yake yote, imekuwa ikifa punde vita vinaposahaulika, na njia ya pili ndiyo iliyodumu. Lakini njia hiyo ya pili imebeba kasoro kubwa ambayo hadi leo haijarekebishwa, na nitaieleza.

Hesabu yetu ianze na Vita Vikuu vya Kwanza, kwa kuwa ndivyo vilivyowaharibu watu wengi zaidi na kuwasaidia wachache zaidi. Waingereza waliopigana na Wajerumani wa Tanganyika kuanzia 1914 hawakuwa na barabara wala wanyama wa kubeba mizigo waliostahimili mbung'o, kwa hiyo walibebesha watu. Wapagazi walioandikishwa upande wa Uingereza katika vita hivyo vya Afrika Mashariki walikaribia milioni moja, na vifo vyao vilivyoorodheshwa vilizidi 95,000. Kambi yao kuu ya Nairobi ndiyo iliyouachia mtaa wa Kariokor jina lake. Risasi hazikuwaua wengi. Waliuawa na kuhara, malaria, nimonia na njaa, na waliolemaa hali kadhalika walilemazwa zaidi na safari kuliko bunduki. Mpagazi alitembea peku mamia ya maili, mzigo kichwani, funza wakimwingia vidoleni. Funza asipotolewa mapema kidole huoza, na kambini hapakuwa na muda wala sindano ya kuwatoa wote. Juu ya hayo kulikuwa na vidonda ndugu vya miguuni, vinavyokula nyama hadi mfupa. Watu walirudi Ukambani, Kavirondo na Pwani bila vidole, wengine bila mguu, na kwa mtu ambaye riziki yake yote ni jembe na mifugo, kupoteza vidole vya mguu ni kupoteza nusu ya kazi yake.

Walipofika nyumbani hawakupewa matunzo yoyote yanayostahili kuitwa kwa jina hilo. Kilichowapokea ni kipande, kile cheti cha kuandikishia kazi ambacho sheria yake ilipitishwa 1915 na kuanza kutekelezwa vita vilipokwisha, pamoja na kodi iliyopandishwa. Oscar Watkins, aliyeongoza idara ya kijeshi ya wapagazi, alihangaika miaka mingi akidai kwamba mishahara ya wapagazi waliokufa bila warithi wao kupatikana itumike kwa faida ya Waafrika. Hazina ya London ilikataa. Serikali iliyokataa kulipa mshahara ambao mtu alikuwa ameshaufanyia kazi haingemtengenezea aliye hai mguu wa mti. Mwaka 1928, miaka kumi baada ya vita, sanamu ya askari ilizinduliwa katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue: watu watatu wa shaba, askari wa kikosi cha Keya, mpiganaji wa Pwani na mpagazi, pamoja na maandishi ya Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili kwa ajili ya waliopigana na waliokufa. Ni kazi nzuri ya mchongaji James Alexander Stevenson, na ninafurahi kwamba mpagazi alipewa nafasi yake. Lakini wote watatu wana viungo kamili. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ungamo hilo lilihusu wafu peke yao. Waliorudi wakichechemea hawakuorodheshwa popote pa kuweza kukiriwa.

Mtu anaweza kusema kwamba dola ile haikuwa na fedha, na kwamba nyakati zile hakuna aliyefikiria kumsaidia askari mlemavu. Jibu la hoja hiyo limo katika barabara hiyohiyo. Mwaka 1919, katika ukumbi wa Theatre Royal, ambao baadaye ulikuwa sinema ya Cameo, walowezi walikusanyika kushuhudia bahati nasibu ya mashamba ya askari. Mpango huo uligawa zaidi ya ekari milioni mbili za nyanda za juu kwa Waingereza waliopigana. Na kando yake kulikuwa na mradi uliobuniwa mahsusi kwa ajili ya walioumia: koloni la maofisa walemavu wa Uingereza, lililojulikana kwa herufi zake kama BEADOC, ambalo lilipewa takriban ekari 25,000 huko Kericho, katika ardhi ya Wakipsigis. Wazo lake lilikuwa na akili ndani yake. Mtu aliyepoteza mkono au mguu, wakasema, hawezi kulima peke yake, lakini akiungana na wenzake katika kampuni moja, wakashirikiana kwa mtaji, mashine na wasimamizi, anaweza kuishi maisha kamili. Waliamua kupanda kitani. Bei ya kitani ikaporomoka miaka ya 1920 na 1921, kampuni ikafilisika, na katikati ya muongo ule ardhi ikapita mikononi mwa makampuni ya chai. Wakipsigis hawakurudishiwa. Kwa hiyo fedha ilikuwepo, ardhi ilikuwepo, na hata fikra kwamba askari asiye na mguu anastahili kazi na mtaji badala ya sadaka ilikuwepo. Rangi ya mtu ndiyo iliyoamua nani afikiriwe hivyo. Wala tusipite bila kuona jambo la pili: mradi uliokuwa mkarimu kuliko yote haukudumu hata miaka mitano, kwa sababu ulisimama peke yake, mbali na hospitali, mbali na chuo chochote, ukitegemea zao moja na huruma ya wakati mmoja.

Uingereza penyewe mambo yalikwenda tofauti, na tofauti hiyo ina maana kwa hoja hii. Zaidi ya wanajeshi 41,000 wa Uingereza walipoteza kiungo kimoja au zaidi katika vita vile. Kwa ajili yao ilifunguliwa, mwaka 1915, hospitali ya Queen Mary huko Roehampton, karibu na London, na karakana za viungo bandia zikajengwa ubavuni mwake. Askari alipimwa, akatengenezewa mguu, akafundishwa kuutembelea na mara nyingi akafundishwa ufundi wa mkono. Mguu ulipoharibika alirudi, na gharama ilikuwa ya serikali. Vita vilipokwisha Roehampton haikufungwa. Baada ya huduma ya afya ya taifa kuanzishwa 1948, mafundi walewale wakawa wanahudumia raia waliokatwa miguu kwa ajali na maradhi, na askari wazee wakaendelea kuhudumiwa wakiwa miongoni mwao. Karakana ilifunguliwa kwa wote, na haki ya askari ikabaki imeandikwa. Mambo hayo mawili yalikwenda pamoja. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa sababu Kenya ilipata la kwanza ikakosa la pili.

Vita Vikuu vya Pili viliikuta Kenya katika hali nyingine. Wakenya wapatao 98,000 waliingia jeshini, katika jumla ya watu zaidi ya 300,000 wa Afrika Mashariki. Walipigana Somalia na Ethiopia 1940 na 1941, wakaenda Madagaska 1942, kisha divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ikateremka bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944, katika mvua na matope, hadi mto Chindwin. Dawa za sulfa, penisilini na ndege za kubeba majeruhi zilifanya waliokuwa wafe katika vita vya kwanza waishi katika vita vya pili, na kuishi huko kuliacha vigutu. Tena askari huyu wa pili hakuwa mpagazi asiyejulikana jina. Alikuwa na namba, alikuwa na kitabu cha malipo, wengi walijua kusoma na kuandika barua, na serikali iliogopa hasira yake. Kutokana na mahitaji hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1940, tiba ya viungo iliingia nchini kama taaluma ya kufundishwa, kwa ajili ya askari waliojeruhiwa, na Kabete pakawa mojawapo ya mahali kazi hiyo ilipoota mizizi kabla ya kuhamia hospitali kuu ya Nairobi. Huko Thika, Jeshi la Wokovu lilianza kuwafundisha watu waliopofuka vitani, na mwaka 1946 juhudi hiyo ikageuka kuwa shule ya kwanza ya wasioona nchini. Huduma mbili kati ya zile ambazo Mkenya mwenye ulemavu anazitegemea leo zilianzishwa, basi, kwa jina la askari. Zilidumu kwa sababu mara tu askari walipopungua milango ilifunguliwa kwa wengine.

Ili kuelewa kwa nini kudumu ni jambo kubwa kuliko ukarimu wa siku moja, inafaa kuangalia kwa karibu jinsi mguu wa bandia unavyotengenezwa. Baada ya mguu kukatwa chini ya goti, kigutu huvimba, kisha kwa miezi kadhaa hunywea. Fundi hukizungushia bendeji ya plasta, akaminya kwa vidole mahali ambapo mfupa unaweza kubeba uzito na kupaacha wazi mahali ambapo hauwezi, kisha plasta ikikauka huivua na kuijaza plasta nyingine ndani ili apate sura kamili ya kigutu. Sura hiyo huchongwa na tupa, milimita hapa na milimita pale. Siku hizi bamba la plastiki hupashwa moto katika tanuri mpaka lilegee, likavikwa juu ya sura hiyo na hewa ikafyonzwa ili lishike, na hapo soketi hupatikana. Chini yake hufungwa bomba, na chini ya bomba unyayo. Kosa la milimita chache huleta malengelenge, malengelenge huleta kidonda, na mtu huutupa mguu uvunguni na kurudia magongo. Kigutu kikishanywea soketi hupwaya, nayo lazima itengenezwe upya. Hata baada ya hapo, mtu mzima anayetembea kila siku hubadilisha mguu baada ya miaka mitatu hadi mitano. Askari aliyekatwa mguu akiwa na miaka 25 atahitaji, mpaka afike 65, miguu kati ya minane na kumi na mitatu. Tukiuita mguu wa kwanza zawadi ya taifa kwa shujaa, basi tuseme wazi kwamba taifa limemlipia miaka minne ya kutembea, na iliyobaki ni juu yake.

Hapo ndipo malipo ya kikoloni yalipomwangusha askari wa Burma. Fidia ya ulemavu ilikokotolewa kwa kupima kiungo kilichopotea na kukitafsiri kuwa fedha. Hati za mwaka 1946, zilizotangazwa na waandishi wa habari mwaka 2019, zinaonyesha kwamba kiinua mgongo cha kuachia jeshi nacho kilipangwa kwa rangi, hata askari mweupe akalipwa karibu mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile. Sababu iliyotolewa na watawala kwa tofauti za aina hii ilikuwa ileile kila mara: Mwafrika ana shamba, ana ukoo, gharama zake ni ndogo, nyumbani watamlisha. Hoja hii bado inasikika hata leo vinywani mwa watu wasio na chuki yoyote, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa uzito. Ni kweli kwamba ndugu walimpokea. Jamii zetu hazikumtupa mtu kwa sababu amepoteza mguu. Lakini aliyelipa gharama ya mapokezi hayo ni mke aliyelima shamba lake na la mumewe, na mtoto aliyetolewa shule ili achunge mbuzi ambao baba hawezi tena kuwafuata. Serikali iliyosema ukoo utamtunza ilikuwa inahamisha deni lake kwenye mgongo wa mwanamke ambaye hakuwahi kuandikishwa jeshini. Tena mtu anayelishwa si lazima awe mtu anayeishi maisha yake. Waliorudi wazima walitumia kiinua mgongo kununua malori kwa ushirika, kufungua hoteli na vinu vya kusaga unga, na ingawa biashara nyingi zilikufa, walipata angalau nafasi ya kujaribu. Aliyepoteza mguu alihitaji nafasi hiyo zaidi yao, wala hakutengenezewa njia ya kuifikia. Shule ya Jeanes iliyoko Lower Kabete, ambayo leo ni Chuo cha Serikali cha Kenya, ilitumiwa kuwafundisha askari wa zamani biashara na kazi za maendeleo, lakini iliwafikia wachache mno ukilinganisha na wale 98,000.

Kisha, mnamo miaka ya 1950, ikaja milipuko ya polio. Watoto waliopooza miguu walijaa wodi, na chuma, ngozi na ufundi uliokusanywa kwa ajili ya wanaume wa vita vikageuzwa kuwa viatu maalumu na vyuma vya kushikilia miguu midogo. Mwaka 1958 kilianzishwa chama cha walemavu wa viungo ambacho wengi hukifahamu kwa herufi zake, APDK, na karakana zake zilienea baadaye katika miji mingine. Baada ya uhuru, kamati iliyoongozwa na Waziri wa Kazi, Ngala Mwendwa, mwaka 1964 ilichunguza hali ya wenye ulemavu, na waraka wa Bunge namba 5 wa 1968 ukaweka msingi wa vituo vya kufundishia ufundi sehemu mbalimbali za nchi. Huu ndio wakati askari anapopotea machoni. Katika nyaraka za kipindi hicho anayezungumziwa ni mlemavu kwa jumla, na ni sawa iwe hivyo, lakini hakuna aliyeandika kwamba yule mzee wa Machakos aliyeacha mguu Burma anaweza kuja Kabete kwa mguu mwingine bila malipo. Aliyekuwa na pensheni hakuelekezwa kwenye karakana, nayo karakana haikuwa na orodha ya wenye pensheni. Taasisi iliyozaliwa kwa ajili yake iliendelea kuishi bila yeye kujua kwamba ni yake. Na wale waliopigania ardhi na uhuru msituni, ambao walilemaa kwa risasi na kwa mateso ya kambini, hawakuwa hata na pensheni. Ilibidi wangoje hadi mwaka 2013 ndipo Uingereza ikubali kuwalipa 5,228 kati yao, nusu karne baada ya majeraha yao kupona vibaya.

Kuna pingamizi la nguvu dhidi ya ninachosema, na husikika hasa kwa wanajeshi wenyewe. Askari, wanasema, hakuanguka kwenye pikipiki. Alitumwa. Nchi ilimwamuru aende mahali penye mabomu naye akatii, kwa hiyo haistahili kumpanga foleni nyuma ya watu ambao hawakutumwa na yeyote. Ajengewe hospitali yake, karakana yake, mafundi wake. Nakubali nusu ya kwanza ya pingamizi hili bila masharti: deni lake ni la namna ya pekee, na ndiyo maana pensheni, fidia na matibabu yake lazima yatoke mfuko maalumu na yasikatwe kamwe. Ninachokataa ni kwamba deni la pekee linahitaji karakana ya pekee. Fundi wa viungo bandia hupata mkono wake kwa kurudia. Anayepima vigutu kila siku hujua kwa kugusa tu ni wapi soketi itauma, na anayepima kimoja kwa mwezi hawezi kujua, hata awe na mashine za bei gani. Vita, tunashukuru, haviwezi kumpa fundi kazi ya kila siku. Barabara zetu, kisukari na saratani vinaweza. Ushahidi mzuri uko Lokichoggio, mpakani mwa Turkana, ambako Shirika la Msalaba Mwekundu la Kimataifa lilifungua hospitali ya Lopiding mwaka 1987 kwa ajili ya majeruhi wa vita vya Sudan. Kwa karibu miaka ishirini wapiganaji na raia walikatwa, wakatibiwa na kuvishwa miguu pale, na Waturkana wa jirani wakahudumiwa pamoja nao. Mwaka 2006 hospitali ilikabidhiwa serikali ya Kenya. Vita vilipoondoka, kilichobaki kikitumika ni kile ambacho wenyeji walikuwa wameshakifanya chao. Au tuchukue chuo cha Moshi kiitwacho TATCOT, kilichoanzishwa 1981 kando ya hospitali ya KCMC, ambacho kimefundisha mafundi wa nchi nyingi za Afrika. Mafundi hao hufunzwa kwa kutengenezea miguu wagonjwa wa kawaida wa Kilimanjaro, na wakirudi kwao humhudumia askari na mkulima kwa mikono ileile.

Kuna jambo jingine, rahisi zaidi, ambalo watetezi wa hospitali ya jeshi pekee hulisahau. Askari huacha jeshi. Hospitali ya kumbukumbu ya majeshi ya ulinzi iko Barabara ya Mbagathi, Nairobi, na kwa upasuaji wa siku za kwanza hakuna sababu ya kuutilia shaka umuhimu wake. Lakini miaka kumi baadaye mtu huyo yuko Bungoma au Marsabit, soketi imepasuka, na nauli ya Nairobi ni mapato ya wiki kadhaa. Kitakachomfaa wakati huo ni fundi aliye katika hospitali ya kaunti yake.

Mawazo haya hayakubuniwa leo. Kuanzia tarehe 29 Novemba hadi 3 Desemba 2004, katika makao ya Umoja wa Mataifa ya Gigiri, mwendo mfupi tu kutoka Westlands, mataifa yaliyotia sahihi mkataba wa kupiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini yalikutana kwa mapitio yao ya kwanza. Mpango wa miaka mitano uliotoka hapo ulibeba jina la Nairobi. Ndani yake kulikuwa na kanuni ambayo kila wizara ya ulinzi ingepaswa kuisoma: msaada kwa waliolipuliwa usiwabague watu kwa chanzo cha jeraha lao, na uingizwe katika huduma za afya na za ulemavu za nchi nzima badala ya kujengewa nyumba yake ya pembeni. Orodha ya nchi zilizokuwa na mzigo mkubwa wa majeruhi ilikuwa na nchi za kanda yetu, miongoni mwao Uganda, Burundi na Sudan. Kenya haikuwemo, na pengine ndiyo sababu mpango uliobeba jina la mji wetu mkuu haukuzungumzwa sana humu kwetu. Miaka saba baadaye, Oktoba 2011, majeshi ya Kenya yalivuka mpaka kuingia Somalia, na bomu la kutegwa kando ya barabara, lile linalochukua miguu kabla ya kuchukua roho, likawa jeraha la kawaida la vita vyetu wenyewe. Mashambulizi dhidi ya kambi za majeshi ya Kenya huko El Adde, Januari 2016, na Kulbiyow, Januari 2017, yaliyafanya mazishi yaonekane katika televisheni. Waliorudi wakiwa hai na viungo pungufu hawakuonekana sana.

Tangu hapo sheria zimekaribiana zaidi kuliko wakati wowote. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vikwazo vya ulemavu wake, na askari aliyekatwa mguu yumo ndani ya haki hiyo sawa na raia yeyote. Baraza la Waiyaki Way liliundwa kwa sheria ya 2003. Sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022 iliwatambua kwa mara ya kwanza maveterani kama kundi lenye madai yake kwa serikali. Upande mmoja kuna deni la pekee, upande mwingine kuna huduma ya wote, na zote mbili zimeandikwa. Kinachokosekana ni daraja kati yake, lile ambalo Roehampton ilikuwa nalo, na daraja hilo si jambo la fedha nyingi. Ni orodha moja inayosomwa na ofisi mbili, ili siku askari anapoondolewa jeshini kwa ulemavu jina lake liwe limeshafika barazani. Ni hati ya pensheni inayotaja, kando ya kiasi cha fedha, haki ya kutengenezewa mguu mwingine kila unapochakaa, katika hospitali ya kaunti anakoishi, bili ikipelekwa wizara ya ulinzi. Ni mtaji na mafunzo ya kazi yanayoanza wakati kigutu bado kinapona, kwa sababu mwanamume au mwanamke wa miaka 25 akikaa miaka miwili bila shughuli, mguu bora kuliko yote hautamrudishia miaka hiyo. Wapo watakaosema bajeti haitoshi. Hesabu ya miguu kumi na mitatu kwa maisha ya mtu mmoja ni ndogo sana ukiiweka kando ya gharama ya gari moja la deraya, na gari hilo lilinunuliwa kwa sababu nchi ilikuwa tayari kumpeleka mtu huyo mahali ambapo angeweza kuupoteza mguu wa kwanza.